Doti: Neno Lililotusimamishia Ndoa Ujiji

Maharusi watarajiwa, mnatuandikia kila wiki kuuliza doti ngapi zinatosha sandukuni. Leo hatutajibu kwa idadi. Tutajibu kwa kisa, na kisa chenyewe kinaanzia mwisho wa reli, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika.

Sisi ni wawili, mtu na mdogo wake. Tumezaliwa Ujiji, tumesoma hapohapo mpaka kidato cha nne, tukajifunza cherehani, na riziki ikatuleta Unguja. Harusi ya nyumbani ikitokea tunapanda meli, tunapanda gari moshi, na mikasi yetu iko mkobani. Mwaka 2024 aliposwa mtoto wa marehemu kaka yetu mkubwa. Kwa hiyo sisi ni shangazi zake, na mnajua shangazi kwenye harusi ni nani. Hakuna jambo lisilopita mkononi mwake, na likiharibika yeye ndiye wa kuulizwa.

Mposaji ni kijana mwenye dini na adabu. Kwao ni Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na familia yao inavusha vitenge kuja kuuza Kigoma. Posa ilikubaliwa mwezi wa Rajab. Mwezi wa Shaaban mjumbe wao, mzee mmoja mpole sana, alitupigia simu huku Unguja akasema, "Mama, doti imekwisha toka. Tumemkabidhi baba." Tukasema alhamdulillah. Tukamuuliza ni za rangi gani. Akacheka, na sisi tukacheka, simu ikakatika. Tukafungua daftari letu tukaandika: kanga zimefika.

Siku ya ndoa, mwezi wa Shawwal, sheikh aliingia ndani na mashahidi wawili kumuuliza bi harusi ridhaa yake na mahari yake. Mtoto akajibu kwa sauti ndogo lakini iliyosikika vizuri: shilingi laki nane na msahafu. Akaulizwa, umepokea? Akasema, sijapokea.

Basi pakawa kimya. Sheikh akatoka ukumbini kuwauliza wa upande wa bwana harusi. Yule mzee akainuka, amekasirika kidogo: "Doti tulishatoa tangu Shaaban!" Na sisi, kwa ujasiri wa mashangazi, tukajibu kutoka mlangoni kwamba hatuna neno na doti za kanga, tunauliza mahari. Mzee akatutazama kama watu waliopotewa na akili. "Ndiyo hiyo hiyo, mama. Doti!"

Tutarudi ukumbini. Kwanza tulitazame neno lenyewe, kwa sababu tangu siku ile hatukulala mpaka tulipojua limetoka wapi na limepita mikono ya nani.

Doti la kwetu limekuja na bahari. Wafanyabiashara wa Kihindi walioishi Unguja walikuwa na dhoti, ile nguo ndefu ambayo wanaume wao hujifunga kiunoni, na Waswahili wakalichukua jina wakaligeuza kipimo. Hesabu yake ilikuwa ya mwili wa mtu. Mkono mmoja, yaani dhiraa, ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka. Shuka mbili ni doti. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji pamoja na Speke Februari 1858, aliiandika hesabu hiyo kama alivyoikuta kwa watu wa misafara, na kwa yadi, au wari kama walivyosema bibi zetu, doti moja ilitoka yadi 4. Kwa mita za siku hizi ni tatu na sentimita sitini na kitu.

Fundi akisikia hivyo anauliza swali moja tu: mkono wa nani? Wa mtu mrefu au wa mfupi? Sisi wawili tumejipima kwa kamba, na kwa doti moja tu tunapishana karibu shubiri nzima. Fikirini sasa muuzaji ni mfupi na mnunuzi ni mrefu, na baina yao kuna ndovu mzima wa pembe. Tunaposoma Surat Al-Mutaffifin, ile inayoonya wanaopunja vipimo, akili zetu huenda kwenye mizani ya sokoni. Lakini mkono wa kupimia nguo ni mizani vilevile.

Kitambaa chenyewe kilikuwa merikani. Sayyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na meli za mji wa Salem zikawa zinaleta Unguja pamba nyeupe ngumu, isiyotiwa rangi, iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Watu wakaiita kwa jina la kwao ilikotoka, na jina likabaki hata pale vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, vilipokata usafirishaji na nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake. Kutoka pwani mpaka Ujiji ni zaidi ya kilomita elfu moja, na merikani ilikwenda mabegani mwa watu. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, kilo thelathini na kitu, umefungwa ukakazwa kama gogo. Mzigo huo uliitwa mtumba. Ndiyo, mtumba huohuo. Leo mnaponunua mitumba Darajani mnatumia neno la wapagazi bila kujua.

Barabarani doti haikuwa nguo. Ilikuwa pesa. Henry Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alikaa Unguja mwanzoni mwa 1871 akiwauliza wafanyabiashara ni vitu gani achukue. Akaambiwa kwamba watu 100 watakula kwa doti 10 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, chakula cha mwaka mmoja kilihitaji doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi. Jumlisheni wenyewe: inakuja 3,650, siku 365 mara kumi. Sisi tuliijumlisha kwenye kikokotoo cha dukani tukacheka kwa furaha, kwa sababu ndivyo tunavyopiga hesabu ya sare za harusi.

Na zile nguo za rangi! Barsati, sohari, ismaili, taujiri, joho, shashi, rehani, jamdani, kunguru. Baadhi ya majina haya tuliyasikia kwa bibi yetu akizungumzia nguo za mama yake, tukidhani ni majina ya watu. Kila nchi ilikuwa na mapenzi yake. Barsati ilipendwa Unyamwezi, sohari ilichukuliwa Ugogo. Ukifika Ugogo na barsati tupu, una njaa na pesa yako mkononi. Hakuna aliyevaa merikani kwa sababu tu ameletewa. Mabibi wa huko bara walichagua, walirudisha, walisema hii imepitwa na wakati. Wazungu waliliandika jambo hilo kwa kulalamika. Sisi tunalisoma kwa kujivunia.

Doti ilikuwa pia ushuru. Kila mtawala ambaye msafara ulipita kwake alidai hongo, na wakati ule neno hongo halikuwa na aibu. Ilikuwa ada ya njia. Stanley alipofika Uha, karibu kabisa na kwetu, mtware mmoja aitwaye Mionvu alimdai doti 100. Baada ya kulipishwa, na kusikia kwamba mbele wako wengine wanaongoja, aliamua kuwatoa watu wake usiku kupitia porini, kimyakimya, ili afike Ujiji na nguo zilizobaki.

Ujiji yenyewe, kwa vitu vidogo, doti ilikuwa kubwa mno. Huwezi kukata yadi 4 ukanunua samaki wawili na mawese ya kupikia. Pale sokoni zilitumika shanga zinazoitwa sofi, mfano wa vipande vya mtemba wa kuvutia tumbaku. Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliona kitu ambacho mama zetu wa sokoni wangekielewa mara moja. Asubuhi walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi, wanawabadilishia wanunuzi, na jioni soko likifungwa wanazinunua tena kutoka kwa wauzaji, wanapata faida kwenda na kurudi. Maduka ya kubadilisha fedha ya Kigoma mjini, shilingi kwa faranga za Kongo, yana babu yao.

Sasa hapa pana mtu wa kazi yetu. Livingstone aliporudi Ujiji mwaka 1871, mgonjwa na amechoka, alitegemea kukuta bidhaa zake zilizotumwa kutoka Unguja, nguo na shanga za kumwendesha. Hakukuta kitu. Aliyekabidhiwa msafara, mtu aitwaye Sherif, alikuwa ameviuza vyote kwa watumwa na pembe. Livingstone aliandika barua yenye uchungu, na ndani yake alimtaja Sherif kuwa ni fundi cherehani, na Mwislamu, na kwamba alidai ametazamia kwenye Qur'ani akaona kuwa mwenye mali amekwisha kufa. Tunajua barua ile ni ya upande mmoja. Sherif hakuachiwa kalamu. Lakini tuliposoma kwamba ni fundi tulinyamaza kidogo. Kila fundi ana kabati la vitambaa vya watu. Kila fundi amewahi kuambiwa na nafsi yake, huyu mteja hajaja miezi sita, pengine harudi tena.

Na hatuwezi kuipita hiyo kwa watumwa na pembe kama vile ni vitu viwili vinavyofanana. Doti zilinunua watu. Ujiji ilikuwa kituo: wanaume, wanawake na watoto waliotekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walivushwa kwa mitumbwi wakauzwa pale au wakaendeshwa pwani. Wengi walibaki. Walisilimu, waliolewa, walijenga, wakazaa, na Wamanyema wakawa ndio sehemu kubwa ya mji wa Ujiji na Uislamu wake. Sisi ni wao. Kuna kizazi nyuma yetu, hatujui ni cha nne au cha tano, ambapo bibi yetu mmoja thamani yake ilitajwa kwa doti, na aliyezitaja hakuwa baba yake wala mposaji.

Ndiyo maana kanga ina uzito kwetu kuliko uzito wa pamba. Mwanamke mtumwa alifungwa merikani au kaniki, nguo nyeupe ngumu au ya nili. Miaka ya mwisho ya karne ya 19, kanga za rangi zilipoenea Unguja na Mombasa, na mwaka 1897 utumwa ulipofutwa kisheria Unguja, waliokuwa watumwa walivua kaniki wakanunua kanga. Na wakanunua mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda, kwa sababu kujisitiri kichwa kulikuwa kwa waungwana na wao wamekuwa waungwana. Zile mbili zikaitwa doti. Neno lililokuwa la mzigo na la ushuru na la bei ya mtu likawa jina la nguo ya mwanamke huru. Bibi yetu wa Ujiji hakusoma kitabu chochote cha haya, lakini hakuwahi kumpa mtu kanga moja. Alisema kanga moja ni tambara. Sandukuni kwake zilipangwa doti doti, na chini kabisa ilikuwa bafta ya sanda yake.

Kama fundi tuongeze jambo ambalo wauzaji hawatalipenda. Doti ya kanga ya leo si doti ya Burton. Kanga moja ina mita moja na nusu hivi, kwa hiyo mbili hazifiki mita tatu na sitini. Doti ya kitenge ndiyo iliyobaki na yadi 4 zake, angalau kwenye maduka tunayonunua sisi. Halafu mnavuka ziwa. Wakongo hawahesabu kwa doti; wanahesabu kwa pisi, na pisi ni yadi 6. Kigoma, pale vitenge vya Kalemie na Uvira vinaposhushwa, hesabu zote mbili ziko kwenye meza moja. Bi harusi anayetaka gauni la mikono mirefu na mtandio wake ajue anaambiwa ipi. Tumeshashona, Mungu atusamehe, gauni la mtu lililokosa mkono mmoja, kwa sababu sisi tuliagiza kwa pisi na dukani wakakata kwa doti. Mkono tukautoa kwenye kitambaa kingine tukauita fasheni.

Lakini doti ya yule mzee haikuwa yoyote kati ya hizi.

Mahari kwa Kifaransa huitwa dot, na ile t ya mwisho hutamkwa. Ni neno la Kilatini kwa asili, halina udugu wowote na dhoti ya Wahindi. Kwa Wazungu wenyewe zamani ilikuwa ni mali anayokuja nayo mke kutoka kwa wazazi wake. Wabelgiji walipoitawala Kongo walilitumia jina hilohilo kwa mali inayotoka kwa mume. Kiswahili cha Kongo kimekaa na Kifaransa nyumba moja kwa zaidi ya miaka mia, na mtu wa Kalemie anapolisema neno hilo katikati ya Kiswahili chake, analimalizia kama Mswahili anavyomaliza maneno, kwa irabu. Inatoka doti, safi kabisa. Wala Kifaransa si mgeni upande wetu. Majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma mwaka 1916, yakakaa mpaka 1921, na hata Waingereza walipochukua nchi, Wabelgiji walibaki na sehemu yao bandarini, Belbase, kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Meli, reli na maneno vilipita mlango mmoja.

Sasa tofauti ya maana hapa si mchezo. Sheria ya familia ya Kongo, ya mwaka 1987, inasema mume na familia yake wakubaliane na wazazi wa msichana juu ya mali au fedha zitakazokuwa dot, kwa manufaa ya wazazi hao. Wazazi ndio wapokeaji. Mzee wetu wa Kalemie hakudanganya wala hakukosea kwa desturi yake. Alimtafuta baba wa msichana, na kwa kuwa baba ni marehemu alimkabidhi ndugu yake baba, mbele ya mtu, akahesabu, akamaliza. Alipotwambia doti imetoka alikuwa anatupa habari kubwa kuliko zote za harusi ile.

Kwa dini yetu, ndugu zetu, mahari ni ya mke. Surat An-Nisaa mwanzoni kabisa, aya ya nne, waume wanaamrishwa kuwapa wanawake mahari yao, na hakuna baba wala ami aliyewekwa katikati. Walii anaweza kupokea kwa niaba ya binti, binti akiridhia. Hapo ni mjumbe, amebeba amana. Kuna vitu vingine vya kuwapa wazee, na vina majina yake mazuri. Jamani, tazameni majina hayo: kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko. Vyote ni nguo! Kilemba ni cha kichwani, mkaja ni ule wa kufunga tumbo baada ya kuzaa, ubeleko ni wa kumbebea mtoto mgongoni. Siku hizi hulipwa pesa katika bahasha, lakini wazee waliviita kwa nguo ili ijulikane ni shukrani ya ulezi, na ili visichanganyike na mahari. Mwenye kilemba anajua kapewa kilemba.

Kaka yetu mdogo, huyo ami wa bi harusi, alipopewa bahasha mwezi wa Shaaban ikiitwa doti, aliiweka kwenye fungu la vilemba. Hivyo ndivyo alivyotwambia, na tunamwamini, ingawa siku ile hatukumwamini na tulisema maneno. Yeye ni mtu wa dagaa. Msimu ulikuwa mzuri, nyavu zake zimechanika, taa za kuvulia mbovu. Mwezi wa Ramadhani alinunua nyavu na betri kwa laki tano. Laki tatu zilikuwa bado ziko kwa mkewe, zimefungwa kwenye pembe ya kanga.

Turudi ukumbini. Sheikh alimwita kaka yetu pembeni, pamoja na yule mzee na bwana harusi. Hakupaza sauti. Sisi tulikuwa tunasikiliza dirishani kama watoto. Alisema mambo matatu. La kwanza, mahari ambayo mke hajaipokea wala hakumtuma mtu kuipokea, bado iko shingoni mwa mume. La pili, mume atadaiana na aliyempa, hayo ni yao. La tatu, ndoa inafaa kufungwa hata mahari ikiwa deni, mradi mke ajulishwe na aridhie. Akarudi ndani mwenyewe akamweleza mtoto, taratibu, kwamba leo kuna laki tatu na msahafu, na laki tano ni deni litakaloandikwa. Akamuuliza, unaridhia, au tungoje? Akamwambia kungoja si aibu.

Mama zake wote waliokuwamo chumbani walianza kumwambia sema ndiyo, wageni wameshakaa, wali umeshaiva. Mkubwa wetu akawaambia wanyamaze, na hilo ndilo jambo pekee tulilolifanya vizuri siku hiyo. Mtoto alikaa muda. Hina ya mikono ilikuwa bado inanukia. Kisha akasema anaridhia, lakini deni liandikwe, na liandikwe neno mahari.

Likaandikwa. Ndoa ikafungwa baada ya adhuhuri badala ya saa nne, wali ulikuwa umekauka kidogo juu, na yule mzee wa Kalemie alikuja kutuomba radhi nasi tukamwomba yeye. Alituuliza kwa mshangao wa kweli: "Sasa nyinyi, mlipouliza rangi, mlidhani nini?" Tukamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akatwambia kwamba na yeye alipoulizwa rangi alidhani watu wa visiwani wanaita hivyo noti: nyekundu za elfu kumi au za kijani.

Tangu wakati huo tumeongeza mstari kwenye karatasi tunayowapa maharusi wanaokuja kupima. Juu kuna kifua, kiuno, urefu. Chini tumeandika: Mahari yako ni nini, nani atakabidhiwa, umemtuma? Wengine wanashangaa fundi anauliza mahari kwa lipi. Mmoja alitujibu kwamba mambo hayo ni ya wanaume. Tukamwambia akae, tukampa juisi ya ukwaju, tukamsimulia.

Na wale mnaotaka kuposwa na watu wa ng'ambo, wawe wa ziwa au wa bahari, msiogope. Watu wa Kalemie ni watu wazuri, binti yetu ametulia, na mkwe anamheshimu. Lakini mwambieni mjumbe ataje kitu kwa jina lake na kwa hesabu yake: mahari shilingi kadhaa, kilemba kadhaa, kanga doti kadhaa, vitenge yadi kadhaa. Akikuambieni doti tu, muulizeni ipi, hata kama mnamwonea haya.

Deni lenyewe, kwa kuwa mtauliza. Kaka aliahidi kulipa kwa dagaa wa mwezi unaofuata. Mei 15 serikali ikalifunga ziwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, na nyavu mpya zikakaa juu ya dari. Bwana harusi hakusema kitu. Alimlipa mkewe laki mbili kutoka kwenye vitenge vyake. Ziwa lilipofunguliwa Agosti, kaka alianza kumrudishia mkwe kidogo kidogo, na safari moja alileta elfu themanini na kanga mbili nzuri, nyekundu na nyeupe, akasema hizi ni juu ya deni. Binti alizipokea, akamshukuru ami yake, akazipima kwa mkono wake, akaandika kwenye karatasi elfu themanini tu. Kanga akamrudishia, akamwambia ampelekee mkewe.

Ametukubalia tuyaandike haya, kaka yetu. Alisema tu tusitaje jina la mtumbwi wake.